Hatua Arobaini

Dada wa kiti cha nyuma, usinihimize.
Mita nimeizima tangu tuliposimama;
dakika hizi si zako, ni zangu.
Ingia ndani. Panda ngazi. Washa taa ya jikoni,
nami nikiuona mwanga nitaondoka.

Nyuzi hamsini na moja chini ya sifuri, redio imesema,
na ukungu wa Yakutski umekaa barabarani
kama maziwa ya sokoni kwetu,
yanayouzwa kwa vipande.
Magari hatuyazimi usiku kucha:
injini ikinyamaza saa moja, imenyamaza hadi Aprili.
Naendesha kwa kufuata taa nyekundu za aliye mbele,
naye, Mungu amsaidie, anafuata za nani?

Unasema una haraka. Nyote mna haraka.
Viatu vya visigino, koti la urembo,
simu yenye asilimia nne.
Niliyaona hayo kiooni kabla hujafunga mlango.
Ndiyo maana chini ya kiti chako pana blanketi la manyoya,
chupa ya chai, na soksi za mke wangu Sargilana
ambaye kila Jumatatu huuliza zimekwenda wapi.

Sikuzaliwa na adabu hii.

Ilikuwa Januari, mwaka tulioongeza nauli.
Mzee Prokopi, mwalimu wa homusi,
kile kijichuma kinachoimba kati ya meno na kidole,
alinipungia mkono nje ya shule.
Kichochoro chake kilikuwa kimejaa theluji,
na ofisi ilikuwa inapiga simu:
mteja wa uwanja wa ndege, nauli mara tatu.
Nikasimama konani.
"Ni hapo tu, mzee. Hatua arobaini."
Akalipa. Akaniachia chenji.
Akashuka.

Ufunguo ulikatikia kitasani.
Kengele ilikuwa imeganda, na jirani
alikuwa ameifungulia televisheni hadi mwisho, mpira wa magongo.
Mimi nilikuwa uwanjani, napakia masanduku ya watu.

Alipona. Nasema alipona
kama wasemavyo wa hospitali,
wanaohesabu kilichobaki.
Vidole vitatu vya mkono wa kulia walivikata.

Hakunishitaki. Na angenishitaki kwa lipi?
Abiria kashuka, nauli imelipwa, safari imekwisha:
hivyo ndivyo bosi Gavrili alivyoandika daftarini.
Daftari halina vidole.

Machi akapanda gari langu tena.
Nilimjua kwa kofia; kioo sikuthubutu kukitazama.
Njia nzima hakunena neno.
Nikaliingiza gari kichochoroni,
theluji ikikwangua milango kulia na kushoto,
hadi mlangoni pake hasa.
Akatoa noti kwa mkono wa kushoto. Nikakataa.
Akaiweka juu ya dashibodi, akasema:
"Wewe unanidai nauli.
Mimi nakudai hatua arobaini."
Akacheka, jamani. Mzee alicheka.

Siku hizi hupiga homusi kwa kushoto.
Anasema sauti imepata kigugumizi,
na wanafunzi wanakiiga
wakidhani ni ufundi.

Gunia hushushwa, dada. Mtu hufikishwa.
Haya, nenda. Shika ukuta, ngazi zinateleza.

Ghorofa ya tatu, dirisha la pili kutoka konani.
Ofisi inapiga. Iache ipige.
Kioo kimeota manyoya ya barafu; nakifuta kwa kiwiko,
ninahesabu polepole, kwa mwendo wa mtu mwenye visigino:
kumi na tisa, ishirini,
mlango wa chini umejibamiza, vyema,
thelathini,
paka kapita juu ya bomba la maji ya moto,
thelathini na nane,
thelathini na tisa.

Dirisha bado jeusi.

Navaa glavu.